Tano ya Kumi na Mbili

Kazi yangu ni mizani.
Miaka ishirini na sita, stesheni ya Tabora,
dirisha la vifurushi:
asali ya Sikonge kwenye madumu,
marobota ya tumbaku, baiskeli zilizovishwa magazeti,
mara moja jeneza tupu.
Hakuna kilichopita bila kuusogeza mshale.

Siku Nyanzala Mpuya alipoleta bahasha yake pana
ya kwenda Mwanza, mshale ulikaa kimya.
Nikaigonga mizani. Nikaigonga tena.
"Ni karatasi," akasema, "usiiumize mashine."
Akafunua pembeni nione:
mwanamke amekalia gunia,
miguu haijafika chini,
na chini yake, kwa penseli, sahihi,
na tarakimu zilizotengwa na mshazari
kama mguu wa mtu anayeruka mtaro.

Nne ya kumi na mbili, akanisomea.
Kumi na tatu haitakuwapo.
"Nani atakuzuia?" nikauliza,
maana nami ni karani, najua risiti zinavyozaliana.
"Njoo Ng'ambo Jumapili."

Nikaenda. Uani kwake palinuka wino na mafuta ya taa.
Kibao cha mninga kimelazwa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Akasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko,
polepole, kama anayemkanda mzee kiuno,
akaibandua.
Ya kumi na mbili.
Kisha akachukua patasi
akamkata yule mwanamke, bega mpaka kisigino,
mfereji mmoja.
Nilitaka kumshika mkono.
Akapuliza vumbi.
"Sasa hata mimi siwezi."

Nikanunua ya tano kwa posho ya saa za ziada.
Kabula akaitazama, akanitazama mimi.
"Karatasi kwa bei ya mbuzi."
Baadaye, kutoka jikoni, kwa sauti ya kufika sebuleni:
"Tena mbuzi mwenye mapacha kumi na mmoja!"

Tangu hapo nimeongeza. Ziko sita ukutani,
mbili za kijana wa Ujiji asiyejibu simu,
moja ya bibi wa Nzega anayechonga nyayo za kandambili.
Nimeziinua zisifikiwe na jua la saa tisa.
Mchwa wa Isevya hawaheshimu sahihi ya mtu.

Lakini ya kwanza ni ya kwanza.
Huwawaza ndugu zake.
Ya nne niliipandisha treni kwa mikono yangu.
Ya tisa niliikuta Urambo, ofisini kwa mnunuzi wa tumbaku,
mkabala na dirisha, jua limeshamla uso.
Nilisimama kama aliyekutana na shemeji msibani,
hujui ucheke au utoe pole.
Nikatazama goti. Kwenye yangu, penye goti,
fundo la mti lilikataa wino, likaacha doa jeupe.
Kwenye ile lilikuwa limekubali.
Sikusema kitu.
Niliomba tu avute pazia.

Wageni wetu huisoma penseli vibaya.
"Tano Desemba," husema. "Ndiyo siku iliyochorwa?"
Mwanzoni niliwasahihisha, na mhadhara juu,
mpaka chai ikapoa.
Kisha siku moja Kabula akanitangulia:
"Ndiyo, tano Desemba," bila kupepesa.

Sasa kila tarehe hiyo, mvua ikigonga bati,
huishusha yeye mwenyewe,
huifuta kioo kwa kanga kuukuu,
huchemsha michembe, hukaanga karanga.
Yeye huyu aliyenihesabia mbuzi!
Nami, mtu wa tarakimu, hula nikanyamaza.
Sijawahi kumwambia
kwamba kumi na mbili ile si mwezi.

Mwaka jana alimaliza kufuta, akairudisha msumarini,
akasogea nyuma kuona kama imenyooka.
"Haya," akasema, "huyu wetu tumemaliza.
Kesho ni zamu ya nani?"