Hatua za Syabumi

Siku ya pili baada ya kuanua tanga
tulishuka shambani na daftari la mraba,
kalamu moja, na ugomvi mmoja:
tupime kwa miguu ya nani?

Ambakisye ni mrefu.
Alianza kwenye mgomba wa mpakani,
akaishia barabara ya chai:
mia mbili sitini na nne.
Tuko kumi na mmoja. Mabinti tumo;
mjomba alikohoa, lakini tumo.
Ishirini na nne kila mtu.
Watu wakanuna.

Ndipo Syabumi, mfupi wetu, akavua raba,
akakunja suruali, akatembea palepale
katika ukungu uleule wa Isongole:
mia tatu hamsini na mbili!
Thelathini na mbili kila mtu!
Nyuso zikachanua, mjomba akapiga makofi,
ikaandikwa.

Shamba halikuongezeka hata kiganja.

Babu hakupima. Alinyoosha fimbo tu,
na ardhi aliyoilima aliiacha ilale miaka minne,
kama mzazi aliyejifungua.
Baba aliilaza msimu mmoja.
Sisi tunaiamsha mara tatu kwa mwaka,
viazi juu ya viazi,
tunainywesha mbolea ya mkopo ili isisinzie.

Chemchemi ya mama ilijaza ndoo
kabla hujamaliza kusalimia,
na salamu za kwetu si fupi.
Sasa unauliza watoto, unauliza ng'ombe,
unauliza mgonjwa, unamzika,
ndoo iko nusu.
Mikaratusi inakunywa pale juu. Tuliipanda wenyewe:
Uyole wanajenga, wanataka nguzo.
Na viazi vimepanda mlima hadi kwenye vigingi vya msitu.
Usiku, upepo ukitulia, utasikia panga.

Wanasema dunia imejaa.
Dunia siijui. Najua lumbesa:
gunia limeshajaa, linashonewa kilemba cha wavu,
linajazwa tena, linasimama kama mjamzito,
na mnunuzi wa Dar analipia gunia moja.
Kile cha juu nani analipa?

Msinielewe vibaya.
Mama alizaa kama apandavyo mahindi,
punje tatu shimo moja:
moja ya kunguru, moja ya funza, moja ya jembe.
Ikaja sindano ya surua.
Ikaja zahanati, umbali wa kuchemsha chai.
Kunguru hakutokea.
Tukaota wote.

Mimi ni wa tisa.
Nimeitazama ile orodha kwenye daftari,
jina baada ya jina, nikitafuta la ziada.
Tupokigwe, aliyenibeba mgongoni?
Lusekelo, anayepiga mluzi akikamua?
Nimeshindwa kukata hata moja.
Nami nimezaa wawili, nikafunga mlango.
Mama mkwe bado anauliza nani alaye ufunguo.

Jioni nilirudi peke yangu kukiangalia kipande changu.
Peke yangu, nadhani; kumbe Subilaga yuko nyuma,
miaka sita, peku,
kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole,
ulimi nje, anahesabu.
Alipofika kwenye kigingi aliruka:
"Mama! Kwa miguu yangu
ni mia moja na saba!"

Akacheka, akasubiri nimsifie.
Nilimsifia.