Lafudhi ya Vidole

Elguja alilileta limefungwa kwa shuka la kitandani,
begani, kama abebaye mgonjwa,
akashuka ngazi saba hadi karakana yangu,
Tbilisi, mtaa wa kale, ambako taa huwaka hata mchana.
"Ni la Shirvani," alisema kabla ya kuniamkia.
"Bibi alisema. Wewe niandikie karatasi tu.
Mnunuzi yuko Vienna, na paa langu linavuja."

Sikumjibu. Nililipindua.
Wateja hupenda uso: nyota, pembe za kondoo dume,
wekundu wa komamanga lililopasuliwa.
Mimi husoma mgongo.
Uso wa zulia umezoea kupokea wageni;
mgongo haukufundishwa adabu.

Nikaweka rula. Nikahesabu mafundo kwa ncha ya sindano,
mlalo, kisha wima, kisha tena,
maana macho haya yana miaka sitini na minne.
Machache. Manene.
Shirvani ni mwandiko wa karani;
hili limeandikwa kwa mkaa ukutani.
Mtande wa sufu, uzi mweupe umesokotwa na wa kahawia.
Mshindio mwekundu, mara mbili kila safu,
mara tatu pale mfumaji alipochoka, au alipokasirika.
Nikasugua kwa kitambaa kibichi: rangi haikutoka.
Nikanusa. Kondoo, moshi, dawa ya nondo.

"Si Shirvani," nikasema. "Ni la hapa chini tu,
vilima vya Borchali. Saa moja na nusu kwa basi."
Akaketi juu ya gunia la nyuzi.
Nimeona watu wakipokea habari za msiba
kwa uso mkavu kuliko ule.
Bei ilishuka, ndiyo,
lakini nadhani aliyeshuka zaidi ni bibi.

Ningeishia hapo. Chai ilikuwa inapoa.
Ila kidole changu kilikwama
kona ya chini, kushoto, upana wa viganja viwili,
pale kazi ilipoanzia.
Huku kwetu fundo hukumbatia nyuzi mbili sawasawa,
ncha zote zikachomoza katikati.
Pale, safu kumi na moja,
fundo lilikumbatia uzi mmoja
na mwenziwe likampitia nyuma tu, bila salamu,
kama wanavyofunga mashariki, ng'ambo ya Kaspi.
Safu ya kumi na mbili, limekuwa la hapa.
Mtu alisimama nyuma yake akasema: sivyo.
Au hakuna aliyesema. Aliiona mwenyewe
mikono ya wengine waliokaa naye ubaoni.

"Bibi yako," nikauliza, "maji aliyaitaje?"

Elguja alinitazama kitambo.
"Walisema ana ulimi mzito.
Sisi watoto tulimcheka.
Alihesabu mayai kwa kunong'ona,
na hesabu ile hatukuielewa."
Akafuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.
"Hatukuuliza."

Wanasema mwacha asili ni mtumwa.
Sijui. Safu ile ya kumi na mbili
nimeitazama kwa kioo cha kukuzia:
imekazwa mno, hata ukingo umejikunja,
kama mtoto anayeandika jina jipya
na kutoboa karatasi.
Huenda ni utumwa. Huenda alitaka tu
mama mkwe anyamaze, jioni ifike.
Fundo la moyoni
sina sindano ya kulihesabia.

Fomu ina mstari mmoja wa mahali.
Niliandika Borchali, nikapiga muhuri,
nikamsaidia kulikunja, mgongo ukiwa nje.
Kwenye ngazi ya tano akageuka.
"Na hizo safu kumi na moja,
zinaongeza bei?"
"Zinapunguza," nikamwambia. "Ni kasoro."
Akacheka, au alikohoa.
Juu, barabarani, mvua ilikuwa imeanza,
naye akalivulia zulia koti lake.