Mhola

Mkurugenzi mpya alikuja kwa treni ya bara,
imechelewa saa nne, wala hakulalamika.
Alilalamikia kiti tu: kilikuwa cha wageni.
"Nimekuja kukaa," alisema.
Tukampa cha plastiki, kile chenye ufa.

Kalunde Mihayo. Miaka hamsini na minne,
ishirini na sita ameimaliza kwenye minara ya simu,
Sikonge, Urambo, na porini kusiko na jina.
Ana ngao za shukrani, ana goti bovu,
alikuwa na pensheni imebakiza hatua mbili imfikie.
Akaipa kisogo.

Kwa ajili ya nini? Kwa ajili yetu?
Ofisi ni chumba cha juu, chini wanauza asali na nta;
mchana nyuki hupanda kwa dirisha
kama wadai.
Mwaka jana tulikuwa saba. Leo arobaini na mmoja,
choo kimoja.
Lubasha, mwenye kampuni, hupenda neno *kukua*.
Mama yangu ni fundi cherehani, naye husema
mtoto anayekua upesi nguo humkata kwanza kwapani.

Mimi kazi yangu ni masikio.
Navaa hedifoni, nasikiliza wazee wa Uyui na Igalula
wakisema mvua, mihogo, deni la tumbaku,
na mashine inaandika inachodhani imesikia,
nami nasahihisha, shilingi sitini kwa kipande.
Hiyo ndiyo akili unde: akili ya kwetu,
imeundwa kwa vipande vya sitini-sitini,
na wiki ya sita hiyo hatujalipwa.

Tulingoja aje na picha za ukutani,
mishale inayopanda, maneno ya Dar es Salaam.
Wakubwa huja hivyo.
Akaomba hedifoni.
Siku tatu alikaa kati yangu na Nyamizi,
miwani puani, goti juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akisikiliza, akikosea, akirudia.
Siku ya pili alicheka peke yake, kisha akanyamaza muda mrefu.

Siku ya tatu akamwita Lubasha.
"Njoo usikie huyu bibi."
Sauti ya kikohozi, jogoo kwa mbali,
mtu anamjulia hali, naye bibi anajibu: *mhola*.
Kwenye kioo mashine imeandika: *Mola*.
Vipande mia tatu na kumi, vyote hivyo.
Kila aliyesema yu salama, imeandika Mungu.

Lubasha akasema, "Lakini ni vizuri, si ndiyo? Kama shairi."
"Ni kosa," alisema Kalunde Mihayo.
"Na aliyelisahihisha mara mia tatu na kumi
ni huyu," akanigusa bega,
"na hamjamlipa.
Nimeona kampuni zikifa, mwanangu.
Hakuna hata moja iliyouawa na mtambo.
Huanzia hapa, kwenye karatasi ya mishahara,
kimyakimya, kama mchwa kwenye mlingoti."

Sikuweza kumwamini. Maneno ni maneno,
na mimi nalipwa kuyapima.
Usiku huo taa yao haikuzimwa;
mlinzi anasema walipigiana kelele hadi saa saba,
kisha akatumwa karanga.

Ijumaa, saa nne na dakika chache,
simu zililia chumba kizima, moja, tatu, kumi na tisa,
ujumbe wa fedha umeingia.
Nyamizi alihesabu mara mbili,
akaweka simu kifudifudi mezani, akaendelea na kazi.

Ya mwisho kulia ilikuwa ya mkurugenzi.
Mfumo haujui cheo: umemhesabia vipande vyake,
mia mbili na kumi na viwili,
shilingi elfu kumi na mbili, mia saba na ishirini.
Aliusoma ujumbe ule akiwa ameivua miwani,
akiuweka mbali, kisha karibu.
"Mwangaluka," nilimwambia, nikipita, kwa utani.
Akajibu ipasavyo.
Mashine ilikuwa wazi. Ikaandika:
*Mola.*
Nikavuta kiti, nikafuta, nikaandika upya.