Nakala Moja Imezidi

Barua yake niliipiga chapa mimi,
Jumatatu, saa nne na dakika kumi,
mashine ya barafu ikinguruma nyuma ya ukuta.

"Andika upunguzaji wa wafanyakazi," alisema meneja.
Nikaandika wafanyakazi, wengi,
kumbe ni mmoja:
Bujiku wa meza ya minofu, miaka sita,
kisu chake kiliujua uti wa sangara
kama ulimi unavyojua pengo la jino.

Jumanne nikapiga chapa tangazo:
Anahitajika mkata minofu, mzoefu.
Meneja akasaini bila kupepesa.

Kosa halisi halikuandikwa popote.
Mtu alimwona Kirumba, Jumapili,
amekaa na mwenzake, "wanacheka vibaya."
Ndivyo lilivyotufikia: wanacheka vibaya.
Likapita chumba cha kubadilishia nguo,
likapita kwenye foleni ya buti nyeupe,
hata lilipofika ofisini
lilikuwa limeshavaa tai.

Ninacho kitabu cha sheria ya ajira,
droo ya chini, kimelaliwa na bahasha.
Saa ya chai nilishusha kidole:
rangi, kabila, mahali mtu alikotoka,
dini, jinsia, mimba, ndoa,
ulemavu, umri.
Nilishuka kama mzazi mbele ya ubao wa matokeo,
nikarudi juu, nikashuka tena.
Bujiku hayumo.

Ila uongo nao una masharti yake.
Anayepunguza watu sharti atoe taarifa,
akae nao, waulizane, waonyeshane hesabu.
Nikatoa nakala ya tangazo,
nikaikunja ndani ya bahasha yake ya khaki.

Getini nilimwambia upesi upesi:
"Una siku thelathini. Nenda Tume.
Usiseme habari zako. Waulize tu,
huko kupunguzwa kuko wapi?"

Makorongo yalikuwa yamejipanga juu ya ukuta
yakisubiri vichwa vya samaki.
Aliisoma karatasi, akaikunja vilevile nilivyoikunja.
"Na nikishinda, Mama Nyamizi,
nitakuwa nimeshinda nikiwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudishe buti,
wasije wakamkata.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Mashine ya kudurufu huhesabu kila karatasi,
na mwisho wa mwezi wanasoma namba.
Nakala moja imezidi.
Bado sijaulizwa.