Upande B, Chafya Mbili

Kanda zake tatu za mwanzo nilizidurufu mimi,
kibanda cha Mwanjelwa, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu za viazi,
deki mbili, waya mmoja, stuli isiyo na mgongo.
Siku hizo kunakili dakika sitini
kulikula dakika sitini.
Kwa hiyo usiniambie unamjua Ambakisye Mwandemele.
Wewe ulimsikia. Mimi nilikaa naye
kama mtu anayengoja maharage yaive.

Ya kwanza aliirekodi Tukuyu, mwezi wa nne, na Tukuyu waijua:
mvua haikualikwa, ilipiga ngoma juu ya bati mpaka mwisho.
Uzi wa sita wa gitaa ulikuwa umekatika,
akafunga waya wa breki ya baiskeli,
ndiyo maana sauti nene inakwaruza.
Watu wa Kyela wakaliita gitaa lenye mafua.
Kidole gumba kinatembea peke yake,
du-du, du-du,
kama behewa juu ya maungio ya reli ya TAZARA
alikokuwa kibarua wa kukaza parafujo kabla hawajamfukuza.
Na juu ya gumba hilo, sauti
isiyopanda, isiyobembeleza,
inayokudai.

Ya pili ni ya njaa. Sitasema mengi.
Ina wimbo wa mtu anayehesabu magunia ya wenzake
toka Isyonje hadi mizani ya Uyole,
na hauna kibwagizo, kwa sababu, alisema,
mzigo hauna kibwagizo.

Lakini ya tatu.
Ya tatu waliirekodi usiku, ghala la pareto, Ilembo,
mashine juu ya debe, betri nane za tochi.
Upande B, wimbo wa pili, pale anaposema
*mlango nimeuacha wazi,
baridi ije ijionee haupo,*
mtu anapiga chafya.
Gitaa linasita. Kisha tena, chafya.
Vumbi la pareto halina adabu.

Wateja wakarudisha. "Dada Tusekile, kanda yako mbovu."
Nikachoka kubishana.
Nikajifunza kuizima sauti kwa vidole viwili,
sekunde nne, naifungulia,
wimbo unaruka kijito na kushika njia.
Nilijisifu, sikufichi. Kanda mia nne, labda zaidi,
Vwawa, Chunya, Makambako, Njombe,
zote safi.

Alikuja Jumanne moja, koti la mvua, bila gitaa.
Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.
"Nimenunua kanda yangu mara tatu,
zote zina shimo. Unayo ile mama?"
Nikadhani kaja kugombea pesa,
maana senti moja hatukuwahi kumpa.
Nikaiweka kanda mama kwenye deki.
Akasimama, stuli ni moja na niliikalia mimi.
Gitaa hakulisikiliza.
"Peleka mbele. Peleka. Hapo."

Chafya.

Chafya.

"Subilaga," akasema,
kama unavyomwita mtu aliye jikoni.
"Rudisha."
Nikarudisha mara sita. Ya saba akasema inatosha,
akauliza bei.
Nikamtajia mia saba.
Akahesabu sarafu, akaiweka kanda mama ndani ya koti.
Nikazipokea.
Mpaka leo sijui mkono ule ulikuwa wa nani.

Siku hizi nauza vocha, kibanda ni kilekile.
Mwaka jana, harusini Tukuyu, kijana mmoja akaupiga wimbo ule,
gumba lake zuri, jepesi kidogo.
Alipofika kwenye mlango na baridi
akanyanyua vidole kutoka kwenye nyuzi,
sekunde nne kamili.
Ukumbi ukazuia pumzi. Akaendelea.

Nikamfuata nje, anakula pilau amesimama.
Kwa nini unanyamaza pale?
"Ndivyo ulivyo, mama," akanijibu mdomo umejaa.
"Pale pana shimo. Mzee mwenyewe aliliacha."