Kuachishwa

Karatasi ya hospitali nimeibandika ukutani kwa uji wa ngano,
ubavuni mwa kalenda ya msikiti.
Wiki ya kwanza: maji. Si ya kunywa, ya kulamba.
Kipimo nimejitafutia: kikombe cha kahawa,
kile kisicho mkono, cha marehemu Famau,
aliyekuwa akikimaliza kwa fundo moja na kusema, "Ongeza."
Mimi hukimaliza kwa robo saa.

Tumbo lako sasa, alisema daktari wa Mombasa, ni kama ndizi.
Sikumuuliza ndizi gani.
Njia nzima ya kurudi, tumepita Witu, tumefika Mokowe,
nikawa napima kwa kidole juu ya buibui:
mkono wa tembo? Kisukari?

Mimi, Zena binti Athman, mpishi wa harusi za Langoni
miaka ishirini na sita,
niliyeonja kila sufuria kwa upawa, si kwa kijiko:
upawa wa kuonja, upawa wa kuhakikisha,
na wa tatu, huo tusiuulize.
Leo nachuja supu ya mifupa kwa kitambaa cha kanzu kuukuu
mpaka chini ya bakuli naliona ua.

Wiki ya pili, maziwa, uji mwepesi.
Na wiki hiyohiyo mjukuu wangu Shekue,
katimiza miezi sita, akaanza uji naye.
Mwanangu akacheka: "Mama, nipike sufuria moja?"
Akapika moja.

Maji na chakula hawakutani tena.
Wameachana, na eda yao ni nusu saa.
Nakaa nayo, kiu mdomoni, saa ya ukutani mbele yangu,
namsikia jirani dirishani, hajui kama nasikia, au ajua:
"Zena kakatwa tumbo kwa pesa,
na kuna watu walala na njaa bure."

Nilicheka. Kidonda kikanivuta.

Wiki ya tatu, vya kupondwa.
Malenge, mbaazi, changu asiye na mwiba
niliyempekua kwa vidole kama mama apekuaye nywele.
Kijiko kwake, kijiko kwangu.
Shekue akishiba hugeuza uso.
Hata umwimbie, hata umfanyie ndege kwa kijiko,
uso wake uko mlangoni, ameshamaliza habari hiyo.
Hakuna aliyemfundisha.
Na mimi, miaka hamsini na miwili,
nimeketi mbele yake na bakuli nusu,
namtazama shingo.

Sikuwa mwanafunzi mwema. Wiki ya tano, posa ya kwa Mwanakheri,
sahani ya halwa ikapita, ikarudi.
Kipande tu. Ukucha wa halwa.
Kabla ya dua kwisha nilikuwa chali juu ya mkeka wa watu,
jasho hadi nyayoni, moyo ukienda
kama punda aliyeponyoka na mchanga mgongoni,
na mabibi wakinipepea kwa ncha za leso,
kila mmoja na dawa yake, zote za kunywa.

Hapana aliyenikasirikia nyumbani. Hilo ndilo lililoniliza.

Sasa karatasi imefika mstari wa mwisho:
vigumu kidogo, tafuna mara thelathini.
Shekue ana meno mawili, ya chini.
Jana alishika gamba la mkate wa mofa,
akalinyonya, akalilowesha, akalifanyia kazi asubuhi nzima,
kisha akanyoosha mkono wote mpaka mdomoni pangu.

Karatasi haisemi neno juu ya mkate uliokwisha tafunwa.

Nikachukua kiasi cha punje ya mchele.
Moja, mbili. Yeye kanikodolea macho.
Kumi. Chumvi, moshi wa mofa, mate ya mtoto.
Kumi na tisa, akacheka, sijui aliona nini,
hesabu ikanipotea.

Nikaanza tena. Moja.