Hati ya Madai

Kwa Wakili Twaha Shekue,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
Malindi.

Barua kama hii nimeandika arubaini na tatu,
jina lako, mkono wangu.
Zote huanza: Tumeagizwa na mteja wetu.
Hii haikuagizwa na mtu.
Mteja ni mimi, wakili ni mimi,
na hatujalipana.

Tangu Februari mlango naufungua saa moja u nusu.
Nashuka masijala, faili kifuani kama mtoto mchanga,
dirishani naulizwa, "Umelipa?"
Naonyesha stakabadhi ya mteja.
Sijapata kuulizwa, "Umelipwa?"

Elfu mbili kwa mwezi wanipa, waziita nauli.
Nimepiga hesabu:
Muyeye hadi mahakamani, tuktuk hamsini,
kurudi hamsini,
siku za kazi ishirini na mbili.
Nauli yako haifiki mwisho wa mwezi.
Vumbi uliloliona viatuni mwangu tarehe thelathini
ndizo hizo mia mbili.

Ikumbuke kesi ya Mwaringa, mpishi wa hoteli kule Casuarina,
miezi mitano bila mshahara.
Ulisimama, ukasoma aya ya kumi na nne:
"Kazi si fadhila, Mheshimiwa, na ujira si sadaka."
Jaji akainua macho, akaandika.
Sentensi ile niliitunga stima zimekatika,
kwa mwanga wa simu yenye chaji asilimia sita.

Nje, kwenye ngazi, Mwaringa akaniuliza,
"Nawe, mwanangu, huyu akupa ngapi?"
"Najifunza," nikasema.
Akacheka, lakini si kunicheka mimi.
"Nami jikoni waliniambia hivyo hivyo.
Nikawauliza: wageni wanakula mafunzo
au wanakula samaki?"

Utasema nawe ulitumika bure mwaka mzima.
Najua. Umelisimulia hilo hata kwa mfagizi.
Lakini ulilala kwa ami yako Shela, sahani ikikungoja.
Mimi anayenilisha ni mama,
kwa viazi karai anavyouza Barani.
Fungua daftari lako la hesabu, litafute jina lake:
Kadzo, mfadhili wa ofisi.
Kila alfajiri karai lake la mafuta
linakulipia mwanagenzi,
wala yeye hajui ngazi zako zina vidato vingapi.

Neno "naomba" nimeliandika mara tatu,
nikalifuta mara nne.
Nadai:
elfu ishirini kwa mwezi,
na malimbikizo ya miezi minane.
Siku saba tangu kuipokea hii.
La sivyo

hapa kalamu imesimama.
Arubaini na tatu zote zilikuwa na la sivyo yake.
Yangu sijui niipe meno gani,
maana cheti changu kingali droo yako ya kushoto,
chasubiri saini.

Watu husema kinyozi hajinyoi.
Pengine hakuna aliyewahi kumwachia wembe.

Karatasi ya ofisi sikuigusa.
Kuchapa kwa saiba, kurasa mbili, shilingi ishirini:
stakabadhi nimeambatisha.

Mbeyu Ngumbao

Kesho mlango nitaufungua saa moja u nusu.
Faili la saa tatu liko mezani.
Aya ya tisa, tafadhali,
isome polepole.